Gari ikipata moto haiwaki ikiwa P, ikiwa N inawaka, na asubuhi D inachelewa kushika: ni ugonjwa mmoja au miwili?

#1 Mwendapole97
Wakuu habari. Nina sedani ya 1997, petroli, automatiki ya gia 4, imetembea kilomita 284,000. Kampuni siitaji, maana kila uzi wa aina hii huishia kwenye vita vya chapa na shida ya mwenye gari inasahaulika.

Asubuhi injini ikiwa baridi inawaka ikiwa P (maegesho) bila kusumbua. Nikitembea nusu saa, nikazima, nikarudi baada ya dakika kumi, nageuza funguo taa za dashibodi zinawaka zote lakini stata (mota ya kuamsha injini) kimya. Siku nyingine inapiga "ta!" moja halafu basi. Nikisogeza leva hadi N (huru), mara nyingi inazunguka na kuwaka.

La pili: asubuhi nikiweka D (kwenda mbele) inakaa kama sekunde 3 ndipo ishike, tena inashika kwa kishindo. R (kurudi nyuma) haina shida. Ikishapata moto, D nayo inashika vizuri.

Fundi wa kwanza kasema ninunue stata. Wa pili hajagusa hata boneti, kasema giaboksi imekwisha, niitafute nyingine. Naipenda gari hii na sitaki kutupa kifaa kizima kwa kubahatisha. Naombeni mawazo.

#2 NyundoMoja
Stata hiyo. Makaa (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota) yameisha, ikipata moto yanashindwa kugusa. Mtu akae na funguo, wewe gonga mwili wa stata taratibu kwa mpini wa nyundo. Ikizunguka, jibu unalo.

#3 VoltiTisa
Mkuu usigonge chochote kwanza. Chukua multimita.

Betri ikiwa imelala usiku kucha: volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu. Halafu mtu azungushe stata wewe ukitazama kipimo, isishuke chini ya 9.6. Kipimo ambacho wengi wanakiruka ni hiki: ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri (kwenye nguzo yenyewe, siyo kwenye klempu), ncha nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Stata ikizunguka isizidi 0.2. Upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi bolti kubwa ya stata, isizidi 0.5.

Na tuambie vizuri kuhusu mlio. "Ta-ta-ta-ta" ya harakaharaka ni umeme mdogo. "Ta" moja maana yake amri imefika kwenye stata lakini mota haikuzunguka. Kimya kabisa maana yake amri yenyewe huenda haikufika. Hayo ni mambo matatu tofauti na watu wanayaita jina moja, "gari haiwaki".

#4 BushiKuukuu
Mimi naona ugonjwa mmoja. Ubavuni mwa giaboksi kuna swichi inayoruhusu stata ifanye kazi pale tu gari ikiwa P au N. Mkono unaozungusha swichi hiyo ndio huohuo unaosukuma vali ya ndani inayopeleka mafuta kwenye klachi za D na R. Kebo ya leva ikiwa na bushi (kipete cha kiungo chake) iliyolika, leva yako inasoma P lakini kule chini mkono haujafika. Stata inakosa amri. Ukiweka D, vali inafunguka nusu, presha inaingia kwa kuchechemea, ndiyo hizo sekunde 3.

Ilinitokea kwenye gari yangu ya kwanza. Nilishabadilisha betri na rilei kabla sijalala chini ya gari na kuona bushi ya plastiki imebaki nusu duara. Kapime hivi: funguo ikiwa imewashwa, tazama taa ya P kwenye dashibodi, tikisa leva bila kuitoa P. Taa ikipepesa, hapo pana jambo.

#5 OiliNyekundu
Kabla ya nadharia zote hizo, ATF (mafuta ya giaboksi ya automatiki) ina kiwango gani na ina rangi gani? Gari inayochelewa kushika asubuhi, cha kwanza ni mafuta ya giaboksi kupungua. Pima injini ikiwa ya moto, ikiwa inawaka, leva iko P, baada ya kupitisha leva kwenye gia zote polepole. Ikiwa nyekundu au ya kahawia hafifu kuna uhai. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, klachi zimeshaanza kuungua.

#6 DadaSpana
Ya #5 ni kweli kwa Toyota na nyingine nyingi, si kwa zote. Honda nyingi za automatiki unaipasha moto, unazima injini, ndipo unachomoa kijiti na kupima, tena bila kukawia, ndani ya dakika moja na nusu hivi. Ukipima Honda ikiwa inawaka utaona imepungua, utaongeza, na utaijaza kupita kiasi. Mafuta yakizidi, vinavyozunguka ndani vinayapiga hadi yanatoa povu, na povu halibebi presha. Mtu anaishia na dalili zilezile alizokuwa anaziponya. Kitabu cha gari kwanza.

Mleta uzi, swali dogo: asubuhi unaanza na gia gani?

#7 KlachiNzito
Nami niliwahi kuwa na kimya cha hivyo, ila yangu ya manyuo (gia za mkono). Kulikuwa na kiswichi juu ya pedali ya klachi, usipokanyaga hadi mwisho stata haiitiki. Kipira kinachobonyeza kiswichi kilikuwa kimepukutika. Nilikikuta vipande vipande kwenye zulia na kwa wiki nzima sikujua ni vya nini.

Suluhisho la haraka kwa mleta uzi: chomoa soketi ya hiyo swichi ya giaboksi, unganisha nyaya mbili za stata, sahau.

#8 DadaSpana
KlachiNzito kaka yangu, hilo naomba ulifute. Kuunganisha kwa dakika moja ili kupima, magurudumu yamezuiwa, breki ya mkono juu, leva imehakikiwa, sawa. Kuacha hivyo hapana. Swichi ile ipo ili gari isiwake ikiwa kwenye gia.

Nimesimama karakana gari ilipowashwa kwa bisibisi, mtu kaunganisha bolti mbili za stata kutokea mbele ya boneti, leva ilikuwa D. Iliruka. Ukuta ulikuwa hatua mbili nyuma yake. Alipona kwa kuwa alikuwa amesimama pembeni kidogo, ubavuni mwa taa, na mpaka leo nikisikia mtu anasema "unganisha tu" mwili unanisisimka.

#9 KlachiNzito
Nimekuelewa dada. Kufuta siwezi tena, muda umepita, ila wasomaji wachukue: kupima tu, kisha rudisha.

#10 Mwendapole97
Asanteni sana. Nimelala na multimita jana.

Betri 12.5. Stata ikizunguka 10.1. Chanya hadi stata 0.3. Hasi ya betri hadi injini 0.7.

ATF nimepima kama kitabu kinavyosema, kiwango kipo, rangi ya kahawia, haina harufu ya kuungua. Taa ya P: nikisukuma leva mbele inakaa, nikiivuta kidogo nyuma inafifia lakini haizimiki.

DadaSpana, umenishika pazuri. Naegesha kwa kurudi nyuma, kwa hiyo asubuhi naanza na D siku zote. R huwa naiweka baadaye, gari imeshachangamka. Nilipoandika "R haina shida" sikuwa nimeipima ikiwa baridi.

#11 VoltiTisa
0.7! Hiyo hapo. Waya wa ethi kutoka injini kwenda bodi au betri umechoka, au una kutu chini ya kichwa cha bolti. Stata inakula ampea nyingi sana, zaidi ya mia kwenye injini ya kawaida, na zote lazima zirudi kwenye hasi. Zikikosa njia pana zinatafuta njia nyembamba: kebo ya gia, kebo ya mafuta, nyaya za sensa. Nimeona kebo ya klachi iliyoungua ngozi kwa sababu hiyo.

Na hapa ndipo giaboksi inapoingia. Solenoidi zake (vali za umeme za ndani) zinatumia ethi hiyohiyo. Ethi ikiyumba, kompyuta inaona volti za ajabu na kubadilisha gia kunaharibika. Fungua kila bolti ya ethi, piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, funga.

#12 NyundoMoja
VoltiTisa nakuheshimu, lakini hujajibu jambo moja. Ethi ikiwa mbovu, kwa nini N inawaka? Ethi haijui kama leva iko P au N.

#13 VoltiTisa
Swali zuri na sina jibu safi. Huenda kati ya jaribio la kwanza na la pili zinapita sekunde kadhaa, mguso unabadilika. Lakini nakubali: akisema N "mara nyingi" inawaka, hiyo inaelekea kwa BushiKuukuu kuliko kwangu. Hata hivyo 0.7 si ya kuachwa hata gari ingekuwa nzima.

#14 BushiKuukuu
Na mimi niseme: taa inafifia tu, haizimiki. Inaweza isiwe bushi, ikawa swichi yenyewe. Ndani kuna vipande vya shaba na grisi. Grisi ikikauka miaka 20 na zaidi inakuwa kama nta, mguso unakuwa hafifu, na joto la giaboksi linazidisha. Swichi nyingi zinashikwa na bolti mbili zenye nafasi ya kurekebisha. Weka N, legeza, linganisha alama, kaza. Usiikaze kwa nguvu, ni plastiki.

#15 MzeeWaHendeli
Vijana mna bahati, sisi tulikuwa tunasukuma. Nimeendesha gari za kuzungusha kwa hendeli mbele. Ilikuwa lazima ukunje dole gumba upande mmoja na vile vingine, injini ikirudi nyuma isikuvunje. Baadaye Ford wakaleta stata ya umeme dunia ikapumua.

Mleta uzi, ikikukatalia sukuma tu.

#16 Mgeni_Barabarani
Shikamoo mzee. Sahihisho kidogo kwa heshima: stata ya umeme ilianza kuuzwa kwenye Cadillac ya mwaka 1912, kazi ya Charles Kettering. Ford Model T wakati huo ilikuwa bado ya hendeli.

Na ya kusukuma haitafanya kazi kwa automatiki hii. Pampu ya mafuta ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezima hakuna presha, klachi hazishiki, magurudumu hayawezi kuizungusha injini.

#17 MzeeWaHendeli
Marahaba. Cadillac, nimepokea. Ila la kusukuma nakupinga nusu: automatiki za zamani sana, miaka ya 1950, zilikuwepo zenye pampu ya pili nyuma inayozungushwa na magurudumu. Hizo tulisukuma, au tulivuta kwa kamba mpaka mwendo ulipotosha, na ziliwaka. Ya mwaka 1997 sawa, umeshinda.

#18 Mgeni_Barabarani
Hilo la pampu ya nyuma sikulijua, asante mzee. Ndiyo sababu pia gari za sasa hazivutwi mbali huku magurudumu yanayoendesha yako chini: kilainishi hakizunguki ndani.

Nichomeke langu kabla sijasahau. Yangu ikipata moto stata inazunguka vizuri kabisa lakini injini haishiki mpaka ipoe dakika 20. Ni ileile?

#19 VoltiTisa
Siyo ileile mkuu. Stata ikizunguka vizuri, habari ya stata, ethi na swichi ya gia imekwisha. Tafuta cheche na petroli. Ikigoma, chomoa waya wa plagi upime cheche palepale ikiwa ya moto, usisubiri ipoe. Cheche hakuna: sensa ya krenki au koili. Cheche ipo: sikiliza pampu ya petroli inapolia sekunde mbili funguo ikiwashwa. Fungua uzi wako, huu utachanganyika.

#20 OiliNyekundu
Turudi kwenye D. ATF ya kahawia kwa kilomita hizo imechoka. Abadilishe. Sili za pistoni za klachi za ndani zinakuwa ngumu kama kucha. Zikiwa baridi zinavujisha presha, zikipata moto zinalainika na kuziba. Ndiyo maana mchana yuko salama.

#21 NyundoMoja
Hapo sasa utamuua. Giaboksi iliyozoea mafuta ya zamani, ukiweka mapya inakufa ndani ya wiki. Nimeona mbili kwa macho yangu.

#22 DadaSpana
Na mimi nimeona, ila nimeona pia zilivyoletwa. Mtu anakumbuka kubadilisha ATF siku gari imeshaanza kuteleza. Klachi zimekwisha tayari, mafuta mapya yanapewa lawama ya msiba. Kuna wanaosema vumbi la klachi kwenye mafuta machafu ndilo lililokuwa linasaidia kushika. Sijaliona likithibitishwa, wala sijaliona likikanushwa.

Ninaloliogopa ni ile mashine ya kusukuma kwa presha. Inang'oa tope la miaka na kulipeleka kwenye vijitundu vya vali. Kufungua bolti ya chini, kushusha sinia (bakuli la mafuta chini ya giaboksi), kubadilisha filta na kujaza kiasi kilekile kilichotoka ni jambo jingine. Hapo unatoa kama theluthi tu, mengine yanabaki kwenye tokikonveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi). Unarudia baada ya wiki mbili. Aina ya mafuta isibadilishwe: kwa Toyota, aliyeandikiwa T-IV asiwekewe WS kwa kuwa rangi zinafanana.

#23 NyundoMoja
Nimekusikia dada. Zile mbili moja ilifanyiwa kwa mashine, kweli. Ya pili haikufanyiwa.

#24 Mgeni_Barabarani
Kuna uwezekano wa nne kwa D: usiku mafuta yanashuka kutoka tokikonveta hadi kwenye sinia, asubuhi pampu inaanza kujaza upya. Awashe, apeleke N, akae sekunde 30, kisha D. Baadhi ya giaboksi zinapitisha mafuta vizuri zaidi zikiwa N kuliko P. Ucheleweshaji ukiisha kabisa, ni hilo. Na siku nyingine aanze na R akiwa baridi. R ikichelewa sawa na D, kosa ni la wote. R ikishika mara moja, ni klachi ya mbele (ya kwendea mbele) peke yake.

#25 KlachiNzito
Gari ikiwa na taa ya O/D OFF (ya kuzima gia ya juu) inayopepesa yenyewe, asome kodi za hitilafu. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo unaunganisha tundu za TE1 na E1 kwenye kiboksi cha chini ya boneti, unahesabu mipepeso: 62 na 63 ni solenoidi za kubadilisha gia, 64 ya lokapu (kufunga tokikonveta), 42 na 61 sensa za mwendo. Hii ni kuhesabu tu, dada, hakuna stata hapo.

#26 Mwendapole97
Nimerudi na majibu ya siku sita, samahani kwa kuchelewa.

Taa haipepesi, kodi hakuna. Ethi: waya ulikuwa mzima lakini chini ya bolti kulikuwa na rangi na kutu nyeupe. Nimesafisha, 0.7 imekuwa 0.1. Stata inazunguka kwa kasi ambayo nilikuwa nimeshaisahau. Siku tatu haikukataa hata mara moja. Ya nne, mchana wa jua, kimya. N ikawaka.

Nikafunga taa ya testa kwenye waya mdogo wa stata, nikaileta hadi ndani kwa waya mrefu niione nikiwa kwenye kiti. Imekataa mara tatu tangu hapo. Mbili za kwanza taa haikuwaka, leva iko P. Ya tatu taa iliwaka vizuri, stata ikapiga "ta" na kunyamaza.

D: sekunde 30 za N zimepunguza kutoka 3 hadi 1, haijaisha. Nilipoanza na R ikiwa baridi, ilichelewa kama sekunde moja, halafu D ikachelewa mbili.

#27 BushiKuukuu
Mbili kwa moja. Taa isipowaka ikiwa P, amri haijafika: swichi au kebo. Hizo mbili zangu.

#28 NyundoMoja
Na ile ya tatu yangu. Amri imefika, ethi umeshasafisha, mota haijazunguka. Nafuta makaa, naweka shaba: ndani ya solenoidi ya stata (swichi yake ya sumaku) kuna vipande viwili vya shaba vinavyogongwa na sahani ya plunja. Vinalika upande mmoja, siku sahani inatua vizuri, siku haitui. Kwenye stata za Denso vinauzwa peke yake, hununui stata nzima.

#29 VoltiTisa
Na ethi ilikuwa inaficha yote mawili, au yenyewe ilikuwa la tatu. 

#30 OiliNyekundu
D tumekwama. R imechelewa kidogo, kwa hiyo Mgeni ana lake. D ikachelewa zaidi baada ya R, pampu ikiwa imeshajaza, kwa hiyo sili za klachi ya mbele bado zipo mezani.

#31 BushiKuukuu
Au vali haifiki D sawasawa. Kesho asubuhi weka D, isiposhika vuta leva kidogo kuelekea 2 bila kuingia. Ikishika palepale, ni kebo.

#32 Mwendapole97
Nitaijaribu kesho kabla sijatoka. Jumamosi naishusha stata nione hizo shaba, na nikiwa chini naangalia bushi ya kebo kwa macho. ATF nitaanza na ya kushusha sinia, si mashine.

#33 DadaSpana
Toa waya wa hasi wa betri kabla spana haijagusa bolti kubwa ya stata. Bolti hiyo ina umeme muda wote, hata funguo ikiwa mfukoni. Na ukishusha sinia usiifute kwanza, tupigie picha ya sumaku iliyo chini. Ungaunga wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma tutaongea lugha nyingine.

#34 Mwendapole97
Hasi kwanza. Picha ya shaba na ya sumaku nitaziweka Jumamosi jioni.